Hesabu ya Darini

Paa, kwetu, lilikuwa la kuzuia mvua tu.
Hatukujua kwamba lina tumbo.

Sisi ni wa nne kutoka kanisani, Mtaa wa Bethania, Cwmbedw,
bonde la Wales ambako nyumba za wachimba makaa
zimebanana ubavu kwa ubavu kama zinazosikia baridi.
Vyumba viwili vya kulala, watoto watatu,
na Nest, miaka kumi na minne, kachora mstari wa chaki
juu ya godoro, kati yake na mdogo wake Mali.

Basi Gethin akapanda na tochi. Nikashika ngazi.
Kikaja kikohozi, ikaja chafya, ikaja sauti:
"Delyth! Huku juu kuna nyumba nyingine!"
Vumbi la miaka mia likatua kwenye chai yangu.

Kopo la biskuti lilikuwa na paundi elfu moja mia nane na sitini,
zote zinanuka tangawizi.
Fundi Prosser alikuja, akapima, akafyonza meno,
akaandika elfu thelathini na nane.
Tulicheka mpaka naye akacheka.
Kwenye kikombe cha pili akatupa ushauri wa bure:
"Boriti za sakafu msizibanie pesa. Nunueni mpya, nene,
na niiteni siku ya kuzifunga.
Mengine yote, okoteni."

Tukaokota.
Dirisha la paa, paundi arobaini,
limetoka shule iliyobomolewa ng'ambo ya kilima;
kioo chake kina mkwaruzo wenye umbo la saba.
Mbao zilikuwa viti vya kanisa la Saron, ambalo sasa ni fleti.
Moja imechongwa D.R.
kwa kisu cha mtu aliyechoshwa na mahubiri.
Rangi: makopo sita, mabaki ya majirani sita,
tukayakoroga pamoja.
Gethin anaiita supu.
Sufi ya kioo alitupa shemeji;
Gethin akaitandaza bila glavu
na wiki nzima akajikuna kama aliyelalia upupu.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Lakini kibaba chetu kilivuja.
Novemba maji yaliingia kandokando ya dirisha,
na bamba la risasi la kuyazuia lilikula paundi sitini,
ndizo zilizokuwa viatu vya Owain.
Alienda shule na vya binamu yake, vimejazwa soksi puani.
Hilo sijalisahau. Nalo ni la hesabu.

Chumba chenyewe ni hiki:
katikati unasimama,
hatua moja kando unainama,
ya pili unapiga magoti
(mbao za Saron zimezoea),
na pale paa linapokutana na sakafu
wanakaa masanduku na buibui.

Februari akaja mkaguzi, Bi. Pugh wa halmashauri.
Alirukaruka sakafuni kama mtoto. Salama.
Akafungua dirisha, akafunga. Salama.
Akaitazama ngazi kwa muda mrefu.
"Hii ni ya kupandia, si ya kukimbilia moto," alisema.
"Chumba cha kulala siwezi kuandika."
Akaandika: GHALA.

Nilidhani Nest atalia.
Alichukua brashi, akachovya kwenye supu,
akaandika juu ya mlango wa darini:
Ghala. Piga hodi.

Anasoma huko mpaka saa tatu usiku,
kisha anashuka kulala upande wake wa chaki.
Mstari umefutika, sijui ni nani aliyeufuta;
pengine ni miguu ya Mali tu.

Na mchana, wote wakiondoka,
napanda mimi, bila kumwambia mtu,
nasimama palipo na kimo changu.
Jana, nyuma ya ukuta wa tofali moja,
nilisikia kitu kikiburutwa darini kwa Bwana Beynon,
mjane wa miaka sabini na tisa.
Kisha utepe wa kupimia, ukijirudisha: trrrp.
Kisha kimya. Kisha kikohozi.

Nikabisha ukutani mara mbili.
"Boriti," nikamwambia, "usizibanie."